Ng'ombe Asiye na Picha

Lusia Tarmo alikulia Mbulumbulu, upande ule wa juu ambako ukungu hushuka kutoka msituni na kulala juu ya ngano mpaka jua likolee. Huko mtu husikika kabla hajaonekana. Uko uani unapepeta maharage, mara sauti inatoka ndani ya ule weupe, "Hodi wa hapa!" na kabla hujamwona mwenyewe umeshajua ni mzee au kijana, jirani au mgeni wa mbali, na umeshaamua utavuta kiti au kigoda. Dada zake walimtania kwamba yeye, hata mgeni akishaingia na kunywa chai, hubaki ameukodolea macho ukungu kana kwamba anamngoja mwingine.

Alipokuwa mtu mzima alihamia Karatu mjini, akapata kazi ya kutengeneza tovuti za kampuni za utalii. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati, kando ya barabara iendayo geti la Ngorongoro. Mwenye ofisi aliitwa Hilary, mtu mpole mwenye maneno mengi, na ndiye aliyemfundisha mengi ya kazi ile. Siku moja Hilary alimwonyesha jambo lililokaa naye kuliko mengine yote.

"Unaona," alisema, akikizungusha kiti chake, "simu haiji kuomba ukurasa hivihivi. Inatanguliza maneno. Mwenye simu hayaoni, lakini seva inayaona. Tunaita kichwa cha ombi. Mle ndani simu inajitambulisha: mimi ni wa aina fulani, natumia kivinjari fulani. Wewe ukiyasoma unajua umpe nini. Kompyuta unaipa picha pana ya kreta nzima. Simu unaipa picha ndogo na herufi za kusomeka."

"Na ambayo haijitambulishi?"

"Zote husema kitu. Zingine zinadanganya, lakini zinasema."

Lusia alipenda sana habari hiyo. Kuna asubuhi alizokaa mbele ya kioo cha kompyuta akitazama maombi yakiingia, moja baada ya jingine, kutoka Arusha, kutoka nchi za baridi, kutoka mahali asipopajua, kila moja limetanguliza jina lake. Chai yake ilipoa. Hilary alimzoea, akawa anampitia kimya kimya nyuma ya kiti.

Wakati huo ndipo alipoanzisha tovuti yake mwenyewe, ya kazi za jioni na siku za mapumziko, akaiita Yuko Kwa Nani. Ilikuwa tovuti ya mifugo iliyopotea. Wazo lilitokana na dume moja lisilojulikana mwenyewe lililoingia kwa baba yake, mzee Raphaeli, Lusia akiwa shuleni. Mzee alilitunza tangu mvua hizi hadi mvua nyingine, akiuliza kila kanisa na kila mnada, na mwenyewe alipopatikana ilionekana alikuwa akikaa bonde la pili tu. Basi Lusia alifikiri: aliyepotelewa aandike, na aliyempokea mnyama asiye wake aandike pia, wakutane. Watu walipenda. Walituma picha za ng'ombe, mbuzi, punda, naye akazipanga. Kompyuta ilipewa picha kubwa, simu ya tachi ikapewa picha iliyopunguzwa. Ombi likiingia, programu yake ilitafuta ndani ya ule utambulisho neno la kuonyesha kwamba hii ni simu. Likiwepo, ukurasa wa simu. Lisipokuwepo, ukurasa wa kompyuta. Ilifanya kazi vizuri, na Lusia akaridhika nayo.

Siku moja ya mnada alipanda ngazi mama mmoja wa Kimaasai, mrefu, mwenye shuka la buluu na shanga nyeupe masikioni. Alisimama mlangoni akipumua.

"Takwenya," alisalimu kwa Kimaa.

"Iko," Lusia aliitika, neno alilolijua tangu utoto, kwa kuwa wafugaji walipita mara nyingi kwao. "Karibu, mama. Karibu ukae."

Mama huyo aliitwa Nalotuesha. Alikuwa ametoka upande wa Nainokanoka, kule juu nyuma ya kreta, akapata lifti kwenye gari la mahindi mpaka Karatu. Alikaa, akafungua ncha ya shuka, akatoa simu ndogo ya vitufe, kiswaswadu kilichofungwa mpira ili betri isianguke.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ile kitu ya ng'ombe waliopotea," alisema.

"Ndiyo mimi."

"Binti yangu aliniandikia jina lake, nikaingiza humu. Kila asubuhi napanda kilimani kutafuta mtandao, nabonyeza. Inazunguka. Inazunguka mpaka bando linaisha. Sijaona hata kwato. Nikasema labda ng'ombe wote wamepatikana, mmefunga."

Lusia alicheka, kisha akaacha kucheka, maana mama yule hakuwa anatania. Aliomba aishike simu. Ilikuwa na intaneti, ile ya zamani, na kioo kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Akarudi kwenye kompyuta, akaandika haraka ukurasa mmoja usiofanya kitu chochote isipokuwa kumrudishia mgeni maneno aliyojitambulisha nayo.

"Hebu fungua hapa, mama."

Nalotuesha alibonyeza, akangoja. Safari hii ukurasa ulikuja. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, akasoma taratibu kwa sauti, herufi na tarakimu, alama za mkwaju, herufi tena.

"Kumbe ina jina refu hivi," alisema kwa mshangao, akiigeuza simu na kuitazama mgongoni.

Lusia aliyasoma maneno yaleyale kwenye kioo chake. Hapakuwa na lile neno ambalo programu ilikuwa ikilitafuta. Palikuwa na jina la kiwandani tu, namba ya toleo, na vifupisho vya zamani. Simu ile ilikuwa imejitambulisha kila asubuhi, kwa adabu kamili, kutoka juu ya kilima chenye upepo, na programu yake, kwa kuwa haikuelewa, ikaifanya kompyuta. Ikaitumia picha pana za ng'ombe, moja juu ya nyingine, mzigo ambao kisimu kile kisingeweza kuubeba hata kwa siku nzima.

"Ni kosa langu, mama," alisema. "Simu yako haina shida. Mimi ndiye sikuisikia."

"Basi isikie," Nalotuesha alisema, akajiegemeza.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Lusia aligeuza swali. Zamani asiyejulikana alihesabiwa kuwa kompyuta. Sasa asiyejulikana angepewa ukurasa mwepesi kuliko zote, maneno matupu bila picha, na picha wangepewa wale tu ambao utambulisho wao ulionyesha wazi kwamba wanaziweza. Nalotuesha alifungua tena. Ukurasa ukashuka mara moja.

Alisoma. Uso wake, uliokuwa umeanza kuchangamka, ukatulia.

"Ng'ombe jike, kahawia, Mbulumbulu," alisoma. "Ng'ombe jike, mweusi, Rhotia. Ng'ombe jike, kahawia, Baray." Akainua macho. "Huyu ni ng'ombe gani?"

"Hao ndio walioandikwa, mama. Kwenye simu kubwa kila mmoja ana picha yake."

"Na mimi wangu hana picha. Nani anapiga picha ng'ombe aliye zizini?" Aliiweka simu mapajani. "Binti, hii ni kama kuniambia kuna mtu, ana pua."

Lusia aliisoma tena ile orodha. Alikuwa ameondoa picha akaita kilichobaki ukurasa, na hakuwahi kujiuliza kilichobaki kinamwambia nini aliyekuja na macho yake yote. Alivuta kiti karibu.

"Niambie wa kwako alivyo," alisema.

Nalotuesha aliangalia dirishani, ambako magari ya watalii yalikuwa yakirudi na vumbi jekundu la jioni. Ng'ombe wake aliitwa Nang'iro. Alipotea kiangazi, siku kundi lilipokuwa likilishwa kando ya msitu na nyati wakatoka ghafla. Wengine wote walirudi. Alianza kumweleza polepole, akichanganya Kiswahili na Kimaa, na Lusia akaandika. Rangi yake ni ile ya maji ya mto baada ya mvua, si nyekundu wala si kijivu, na tumboni inafifia kama maziwa yaliyomwagika vumbini. Pembe ya kushoto inatazama mbele, ya kulia inatazama mbali, kana kwamba anafikiria mambo mawili. Sikio moja lina mkato wa ukoo wao. Akitembea hutangulia, lakini akifika kwenye maji hungoja wote wanywe. Akiitwa hageuzi kichwa, hugeuza sikio tu.

"Na maziwa," alimalizia, "hatoi mpaka aimbiwe. Hata ndama akiwepo. Mimi humwimbia, mama yangu alimwimbia mama yake. Ukimkamua kimya anakuangalia tu."

Hilary, aliyekuwa ameingia na mkate, alisimama mlangoni akisikiliza. Lusia aliona kama mnyama yule amepanda ngazi na kusimama katikati ya chumba, akingoja wao wanywe kwanza. Aliyaweka maneno yale kwenye tovuti kama yalivyosemwa, bila kuyapunguza.

Tangu siku hiyo hakukubali tena picha pekee. Kila aliyetuma mnyama alipigiwa simu. "Nieleze alivyo," angesema, na watu, waliodhani hawana la kusema, walisema. Mkulima wa vitunguu kule Mang'ola alieleza punda anayeogopa kivuli cha lori lakini haogopi lori. Kijana wa Baray alieleza mbuzi mwenye kwikwi. Lusia akawa akienda nyumbani Mbulumbulu siku za Jumapili, baada ya misa anakaa ukingoni mwa shamba akitazama ng'ombe wa majirani, mmoja mmoja, jinsi anavyopumua, anavyoitupa shingo akifukuza nzi. Aliona kwamba ameishi kati yao utoto wote bila kuwatazama. Baba yake alimwuliza kama anataka kununua. Alisema hapana, anajifunza kusoma.

Kule juu kabisa Mbulumbulu, mahali mashamba yanapokoma na msitu kuanza, aliishi mkulima aitwaye Emilian na mkewe Angelina. Hawa nao walikuwa na simu ya vitufe. Miezi iliyopita ng'ombe jike alitoka msituni asubuhi moja ya ukungu, amekonda, ana jeraha pajani, akasimama kwenye uzio wao. Walimfungulia. Angelina alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, akampa majani ya mahindi. Jirani mwenye simu ya tachi alimpiga picha, akaituma Yuko Kwa Nani. Lakini ilikuwa jioni, jua la machweo limemwangukia, na kwenye picha ng'ombe akatoka mwekundu kama tofali, ameipa kamera kisogo. Aliandikwa: ng'ombe jike, kahawia, Mbulumbulu. Hakuna aliyemwulizia.

Yeye mwenyewe hakuwapa hata tone la maziwa, ingawa kiwele kilikuwa na dalili. Alizaa, ndama akafa kesho yake, na tangu hapo Angelina alipokaa kumkamua, mnyama alimtazama tu.

Ilikuwa saa ya mapumziko ya palizi. Emilian alikaa kwenye tuta, akafungua tovuti ile kwenye simu yake, ambayo zamani ilikuwa ikizunguka bure na sasa ilifunguka. Alisoma habari ya Nang'iro. Akarudia tena. Kisha akaacha jembe palepale, akaenda zizini.

Angelina alimkuta amechuchumaa karibu na ng'ombe, kofia mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza kidogo," Emilian alisema. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Akakohoa, akaanza kuimba wimbo wa sadaka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. Ng'ombe hakugeuza kichwa. Aligeuza sikio. Angelina, bila kuambiwa, alivuta ndoo, akakaa, akashika kiwele. Emilian akafika kwenye kiitikio. Maziwa yakapiga bati la ndoo.

Simu ya Lusia iliita akiwa sokoni akichagua nyanya.

"Dada Lusia," sauti ya mwanamume ilisema, imebadilika, "ni Emilian wa huku juu. Yule wa maji ya mto. Nimemwimbia."

"Umemwimbia nini?"

"Wimbo wa sadaka. Ametoa ndoo karibu ijae. Sasa mke wangu analia, sijui kwa nini."

Lusia alisimama katikati ya soko na nyanya mkononi. Watu walimpita wakimgusa mabega. Aliona mbingu imekuwa karibu na kila kitu kimesogea, mabati, milima, mfuko wa yule muuza nyanya, kila kitu kimesogea kusikiliza.

Walikwenda pamoja, yeye na Nalotuesha, kwa bodaboda mbili zilizofuatana kwenye njia ya udongo. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Walipofika kwa Emilian hawakuona nyumba wala zizi, waliona weupe tu na miti michache inayoelea. Nalotuesha alishuka, akajirekebisha shuka, akaimba. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mtu anayeosha vyombo nyumbani kwake. Kutoka ndani ya ukungu zikasikika kwato, halafu mti wa zizi ukalia ukisukumwa, na Nang'iro akatokea, pembe moja mbele, nyingine mbali. Alikuja mpaka kwenye kifua cha mama yule, akaweka pua chini ya shuka.

Angelina alisimama mlangoni na khanga mdomoni. Aliogopa kusogea. Nalotuesha ndiye aliyemwendea, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu.

"Hii mikono ndiyo ilimwosha?"

"Ndiyo, mama."

"Amenenepa."

"Alikuwa amekonda sana alipokuja," Angelina alisema, na machozi yakamtoka tena. "Nilimpa kila kitu. Nilidhani hanipendi."

"Anapenda. Ni mwenye kiburi kidogo, kama mama yake."

Walikunywa chai, maziwa yakiwa ya Nang'iro. Ilipofika habari ya safari, Nalotuesha alitoka nje, akamtazama mnyama, akautazama msitu. Kuvuka na ng'ombe peke yake, nyati wakiwa wamejaa humo, hapana. Kumpakia kwenye lori naye alikuwa na mimba changa ya dume la Emilian, aliona bado. Alirudi ndani, akasema Nang'iro akae hapa mpaka azae, Angelina akamue, na wimbo atamfundisha yeye mwenyewe sasa hivi, maana ule wa sadaka ni mzuri lakini umezidi kuwa mrefu.

Wakaenda zizini wanawake wawili. Lusia alibaki na Emilian uani. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Kimaa ikiongoza na sauti ya Angelina, yenye lafudhi ya Kiiraqw, ikifuata, ikikosea, ikirudia, kisha vicheko.

Nang'iro alizaa mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, ndama jike. Nalotuesha alirudi na wanawe wakamchukua Nang'iro na ndama wake kwa lori. Ndama alipoacha kunyonya alipelekwa tena Mbulumbulu, zawadi kwa Angelina. Kwa desturi ya Wamaasai, waliopeana ndama hawaitani tena kwa majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake Paashe, yaani wewe wa ndama. Basi siku hizi Angelina akipiga simu kule Nainokanoka husema, "Paashe, umeamkaje?" na kule ng'ambo ya msitu mwenzake huitika, "Salama, Paashe. Na mvua?"

Lusia bado yuko ghorofani juu ya duka la saruji. Hilary humsomea kwa sauti habari mpya za wanyama kila asubuhi kabla ya kazi za watalii kuanza. Majuzi ilikuja moja kutoka kwa mzee wa Rhotia, kuhusu kondoo mweupe anayelala amefumba jicho moja tu. Lusia aliomba asome tena, taratibu. Kisha akafumba macho yake yote mawili, akamtafuta.